Sumaku ya Redio Mbovu

Dukani kwa Haroub, Wete, ukishapita soko,
waya mweupe umetundikwa nje kwenye msumari,
umejikunja kama nyoka aliyeshiba,
bei yake imeandikwa kwa wino mwekundu.
Kizuri chajiuza. Huu wajitembeza.

Naingia ndani.
"Nipe ule mweusi, ulioko chini ya meza."
"Mkasi, mweusi una bei yake."
"Na mweupe unayo, ila yake hailipwi leo."

Naomba kipande cha kila mmoja, urefu wa kiganja.
Nazungusha kisu kwenye ganda, polepole,
kama amenyaye chungwa asitake kulitoa maji.
Ganda. Wavu. Karatasi ya kung'aa. Nyama nyeupe.
Na katikati, roho ya waya, unyuzi mmoja.
Nyaya zote mbili zang'aa.
Zote mbili zaapa kuwa ni shaba.

Ndipo natoa mfukoni sumaku
niliyoing'oa kwenye spika ya redio ya marehemu baba,
redio iliyozimika katikati ya matangazo ya vifo.
Roho ya mweusi yaipita sumaku
kama mtu asiyekujua.
Roho ya mweupe yaruka, yanata:
chuma, kimepakwa shaba juu juu,
mvi zilizotiwa hina.

Haroub aangalia pembeni,
ahesabu chenji ambayo hakuna aliyeidai.
"Mie nauza tu," asema.

*

Nyumba yenyewe iko Utaani.
Shaame alishanunua mweupe wiki iliyopita,
akafunga mwenyewe, akaunga mara mbili njiani,
kila kiungo kakizonga gundi ya karatasi
kama kidole kilichokatwa na shoka.
Taarifa ya habari ipo. Mpira upo.
Makka haipo.

Jirani kasema dishi limeelekea siko.
Jirani mwingine kasema wingu.
Na mama yake, Bi Time,
hajaondoka kitandani tangu Rajabu;
fedha zake za hija zilikwenda hospitali pamoja na nyonga.
Hataki mpira. Hataki habari.

Nilipanda juu ya bati, nikalipima dishi:
halina kosa, maskini, lilikuwa na njaa.

"Shaame, watu hudhani kazi ya waya ni kuleta.
Kwanza hupeleka.
Lile jicho mbele ya dishi halina betri;
hula kinachotoka humu ndani, kwenye king'amuzi.
Volti kumi na tatu kwa stesheni hizi,
kumi na nane kwa zile.
Sasa chuma hiki kila hatua chaonja.
Kumi na nane yatoka hapa na mkoba wake,
yafika juu kumi na nne,
jicho ladhani limeambiwa yale ya mwanzo.
Usichokilisha hakikupi.
Na Makka, ndugu yangu, iko kwenye kumi na nane."

Akanyamaza. Akaenda kuleta ngazi ya pili.

Mita thelathini na nne, kipande kimoja, bila kiungo.
Ganda jeusi, kwa sababu ya jua.
Koneta ya kubana, si ile ya kusokota kwa vidole,
na mpira wa kufunika, maana hewa ya hapa ina chumvi,
imeshakula bawaba, imeshakula baiskeli ya Shaame.
Wavu nikaukunja nyuma, unyuzi mmoja usibaki
ukagusa roho.
Chini ya tundu la ukuta nikaacha kitanzi,
mvua ikija ishuke hapo, idondoke nje,
isifuate waya ndani kama mgeni asiyepiga hodi.

Mweupe tumeufanya kamba ya kuanikia.
Hapo, kusema kweli, haujamwangusha mtu.

Magharibi haijaingia, picha ikatulia.
Watu weupe pee wanazunguka, wanazunguka.
"Ndio sasa hivi hii?" akauliza Bi Time.
"Ndio sasa hivi, bibi."
Akapapasa kichwa kwa mkono mzima.
"Basi nipeni mtandio,
wasije wakaniona hivi."

Nikampa. Sikucheka.
Mita thelathini na nne za shaba tupu,
huwezi kujua.